Namna ya Kununua Gemu ya Mkononi ya Bei Nafuu Bila Kuuziwa Mbuzi Kwenye Gunia

Gemu ya mkononi ya bei rahisi ina tabia moja mbaya: bei unayoambiwa siyo utakayoishia kulipa. Unanunua mashine, unafika nayo nyumbani, unagundua haina chaja. Unatafuta chaja, betri haikai hata saa moja. Unabadilisha betri, halafu unaambiwa bila memori kadi huwezi kuhifadhi ulipofikia. Ukija kupiga hesabu umelipa karibu bei ya kifaa kipya, na bado huna gemu hata moja ya kucheza.

Hapa nitazungumzia zaidi mashine zilizokwisha kutumika, kwa sababu huko ndiko unafuu ulipo. Vile vifaa vipya vidogo vinavyoiga mashine za zamani navyo nitavigusa, maana vimejaa sokoni na vingine ni vizuri kuliko bei yake.

Hatua ya 1: Anza na gemu, mashine itafuata

Wengi huuliza, "Mashine ipi ni nzuri?" Swali hilo halina jibu. Jiulize kwanza unataka kucheza nini, na muda wako umekatikakatika kiasi gani. Mwenye dakika tano za kusubiri usafiri anataka gemu inayoanza upesi na kusimama popote. Mwenye saa mbili kabla ya kulala anaweza kubeba hadithi ndefu. WarioWare ya mwaka 2003 imejengwa kwa vijigemu vya sekunde chache, kimoja kikimfukuza kingine. Ukipiga chafya umeshashindwa viwili. Advance Wars ya 2001 ni vita vya zamu kwa zamu, ramani moja inaweza kukumalizia jioni nzima, ila inakuruhusu kuhifadhi katikati ya pambano ukaendelea kesho. Zote mbili ni za Game Boy Advance, na mtu anayeipenda moja anaweza kabisa asiivumilie nyingine.

Andika majina ya gemu tatu unazozitaka kweli. Tatu tu, usiandike kumi. Kisha tazama zinachezeka kwenye mashine ipi. Mashine hiyo ndiyo yako, hata kama jirani ana yenye kioo kikubwa zaidi.

Usidanganyike na sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Game Boy ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa na kioo cha kijani kilichofifia, hakina taa, hakina rangi, na ilitumia betri nne ndogo za AA. Mwaka uliofuata kampuni ya Sega ikatoa Game Gear, yenye rangi na taa nyuma ya kioo, lakini ikawa inameza betri sita kwa saa tatu hadi tano. Iliyoshinda ni ile ya kijani, kwa sababu ilikaa na moto muda mrefu na kwa sababu katika nchi nyingi iliuzwa na Tetris, ile gemu ya kupanga matofali, ndani ya boksi. Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo aliyekuwa nyuma yake, aliamini kwamba teknolojia iliyozeeka na kushuka bei bado ina kazi, mradi uifikirie upya. Mnunuzi wa bei nafuu anaishi kwa imani hiyohiyo.

Kuhusu bei za gemu zenyewe: zilizouzwa kwa mamilioni huwa hazikosekani, kwa hiyo ni rahisi kupata nakala nzuri na kujadiliana. New Super Mario Bros. ya Nintendo DS (2006) iliuzwa zaidi ya nakala milioni 30. Akikuambia mtu ni adimu, mcheke tu. Gemu za mpira hushuka upesi kuliko zote, maana kila mwaka linatoka toleo jipya. Kama haikusumbui kwamba mshambuliaji wako ameshastaafu, hapo pana raha ya bure. Pokémon ni kundi la peke yake: ziliuzwa mamilioni kwa mamilioni, na bado bei zake zinagoma kuteremka.

Hatua ya 2: Zijue koo za mashine

Game Boy Advance SP (2003) ni ile ya kukunja, yenye betri ya kuchaji. Inacheza gemu zake pamoja na za Game Boy na Game Boy Color, kwa hiyo kwa mashine moja unapata miaka kumi na kitu ya gemu. Kuna aina mbili za kioo, na tofauti yake ni kubwa. Bonyeza kile kitufe kidogo cha taa: taa ikizima kabisa, hiyo ni aina ya kwanza, yenye mwanga hafifu wa kutoka pembeni. Ikibadilika tu kati ya mwanga mkali na mwanga wa chini bila kuzima, hiyo ni aina ya pili, AGS-101, inayong'aa vizuri na inayostahili kuongezewa pesa. Namba ya modeli iko kwenye lebo ya mgongoni, lakini kasha hubadilishwa, lebo hubandikwa, kitufe hakidanganyi. Ila ujue SP haina tundu la kawaida la hedifoni. Game Boy Advance ya kwanza, ya 2001, haina taa kabisa, na usiku utacheza chini ya balbu kama mtu anayetafuta sindano.

DS Lite (2006) ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza. Ina vioo viwili, cha chini cha kugusa, gemu zake ni nyingi ajabu, na ina tundu la pili linaloingia katriji (vile vibweta vya gemu) za Game Boy Advance. Zile za Game Boy za zamani hazichezi. DSi iliyofuata ina kamera, lakini hilo tundu la pili liliondolewa.

3DS (2011) na 2DS (2013) zinacheza gemu zao na za DS pia. 2DS haikunji, ina umbo la kabari la mlango, na watu waliicheka ilipotoka. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo: haina bawaba, na kisicho na bawaba hakivunjiki bawaba. Ila duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa kwa manunuzi Machi 2023, na kucheza na wengine kwa intaneti kukasimamishwa Aprili 2024. Nunua ukijua unategemea kadi za kushika mkononi.

PSP ya Sony (2004) bado inapendeza kuitazama, na kama unataka magari na mapigano yenye sura ya mashine kubwa kwa bei ndogo, hakuna inayoikaribia. Gemu zake zinakuja kwenye vidiski vya UMD. Modeli za 2000 na 3000 ni nyepesi kuliko ile ya kwanza, na 3000 ina rangi nzuri zaidi. Iogope kidogo E1000: haina Wi-Fi na spika yake ni moja. PSP Go haiingii diski kabisa.

PS Vita ina kioo kizuri kuliko zote hizi, hasa ile ya kwanza yenye OLED, lakini inatumia memori kadi za aina yake peke yake. Kadi hizo zilikuwa ghali tangu zikiwa mpya, na sasa hazitengenezwi. Mashine yenyewe unaweza kuiona kwa bei ya kuvutia. Uliza kwanza kama kadi imo.

Switch Lite (2019) ndiyo changa kwenye orodha hii. Haiunganishwi na TV, na vidhibiti vyake having'oki. Kuipata iliyotumika kwa bei ya maana inawezekana. Tatizo ni kadi za gemu, maana zile za Nintendo wenyewe hushuka bei kwa mwendo wa kinyonga.

Kitu kingine wanachosahau wengi ni eneo la dunia. Gemu za Game Boy, za DS ya kawaida, PSP, Vita na Switch zinacheza popote zilikonunuliwa. 3DS inabagua: mashine ya Japani inataka gemu ya Japani. Kwa zile zisizobagua, kuna mwanya mtamu. Gemu yenye maandishi ya Kijapani mara nyingi huuzwa rahisi kwa wasiosoma lugha hiyo, na gemu ya kupanga matofali au ya mbio za magari haihitaji usome chochote.

Hatua ya 3: Ishike mkononi, uitese kidogo

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Niliwahi kununua mashine ya kukunja, nyeupe, safi kama imetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Niliiwasha mbele ya muuzaji, muziki ukalia, kioo kikawaka, nikalipa. Nyumbani nikaweka gemu ya mbio za magari, nikafika kwenye kona ya kwanza, nikabonyeza R, kile kitufe cha bega la kulia, ili gari liteleze. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Nilizunguka uwanja mzima nikigonga kingo kama kuku aliyefungwa kitambaa machoni. Vitufe vyote vilifanya kazi isipokuwa hicho kimoja, na hicho ndicho sikukijaribu, kwa sababu kwenye ukurasa wa mwanzo hakitumiki.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Naenda na gemu yangu ninayoijua, hedifoni za waya, na tochi ya simu. Muuzaji wa haki hakasiriki ukimwomba dakika kumi.

Anza na betri, kabla hujawasha chochote. Fungua kifuniko cha nyuma. Kwenye mashine za betri za AA, tafuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye vibati: betri ilivuja humo. Ukoko mdogo unasafishika kwa siki kidogo kwenye pamba ya masikio, halafu spiriti, kisha uache pakauke. Ukiona kibati kimelika, achana nayo. Kwenye mashine za betri za kuchaji, itoe betri uiweke juu ya meza bapa. Ikiyumba au ikizunguka kama pia, imevimba. Betri iliyovimba haichajiwi, haitobolewi, wala hairudishwi mahali pake. PSP nyingi zilizokaa miaka kabatini ziko hivyo, na wakati mwingine ni kifuniko kisichofunga vizuri kinachokutangulia kukuambia.

Halafu skrubu. Vichwa vikiwa vimechubuka, kuna mtu aliingia humo bila bisibisi sahihi. Huenda alibadilisha tu kasha, huenda aliacha kazi nusu. Uliza, usikilize jibu linavyokuja.

Washa. Tafuta ukurasa mweupe kwenye gemu au kwenye mipangilio, utazame madoa meusi, mistari, na umanjano wa pembeni. Kisha ukurasa mweusi, utafute vitone vinavyong'aa visivyozimika. Kwenye mashine yenye vioo viwili, linganisha rangi: kimoja cha manjano na kingine cha bluu maana yake kimoja kimechoka au si chake. Kioo cha kugusa kipime kwa kuchora mstari kutoka kona hadi kona. Mstari ukiruka au ukijichora pembeni ya kalamu, kwenye mipangilio kuna sehemu ya kukirekebisha; jaribu hapohapo, na ukikataa baada ya hapo ni kioo cha kubadilisha.

Vitufe vyote, kimoja kimoja, ndani ya gemu. Hapa gemu unayoijua ndiyo kipimo. LocoRoco ya PSP (2006) inachezwa karibu yote kwa L na R, unainamisha dunia kushoto na kulia, ukivibonyeza vyote viwili unaruka. Dakika mbili zinatosha kujua vitufe vyote vya mabega ni vizima. Patapon inakupigisha ngoma kwa vitufe vinne vya kulia, na kitufe kinachochelewa utakisikia kabla hujakiona, kwa sababu mdundo utakatika. Kitufe cha msalaba kijaribu kwa Tetris: tofali likishuka lenyewe ulipotaka liende pembeni, raba ya ndani imechoka. Si ugonjwa wa kuua, raba hizo hubadilishwa kwa gharama ndogo, ila ipunguze kwenye bei.

Stiki nazo, vile vijiti vya kusukuma kwa kidole gumba, usizipapase tu. Kwenye Switch, mipangilio ina ukurasa wa kurekebisha stiki unaoonyesha alama inavyosogea. Izungushe, achia, uone kama alama inarudi katikati na kutulia. Ikitambaa yenyewe, jua kwamba kwenye Lite stiki haing'oki kwa nje, mpaka mashine ifunguliwe.

Bawaba: fungua, funga, sikiliza. Mlio mmoja wa "tik" ni wa kawaida. Mlio wa plastiki inayosagana, au kioo cha juu kinacholegea na kuinama, ni ufa. Kwenye DS Lite mulika tochi upande wa kulia wa bawaba, hapo ndipo ufa hupenda kuanzia. Ndani ya bawaba hupita utepe unaopeleka picha kwenye kioo cha juu, kwa hiyo ufa wa leo ni kioo cheusi cha kesho.

Sauti iongeze hadi mwisho, kisha chomeka hedifoni. Sauti ya spika ikate na hedifoni zilie pande zote mbili. Chomeka chaja, uone taa. Tikisa waya kidogo: taa ikizima na kuwaka, tundu limelegea. Ukimaliza, fanya jambo wanalolisahau hata wazoefu. Hifadhi gemu, zima kabisa, hesabu hadi thelathini, washa, uone kama ulichohifadhi kipo.

Hatua ya 4: Gemu bandia na gemu zilizosahau

Katriji za Game Boy Advance, hasa za Pokémon, ndizo zinazoigwa kuliko zote. Tazama lebo kwa kuinamisha kwenye mwanga: halisi ina tarakimu mbili, mara nyingine na herufi, zilizokandamizwa kwenye karatasi kama mhuri usio na wino. Tazama skrubu ya nyuma: halisi ina kichwa cha mabawa matatu, bandia nyingi zina nyota ya kawaida. Kisha chungulia pale penye meno ya dhahabu. Kwenye halisi utaona neno Nintendo limechapwa kwenye bodi juu yake. Dalili moja inaweza kukosea. Tatu zikikubaliana, amini. Ubaya wa bandia hauishii kwenye heshima: unaweza kucheza saa ishirini, siku moja ukawasha na kukuta jina lako halipo.

Hata halisi husahau. Katriji nyingi za Game Boy ya kwanza hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo ya ndani, na betri hiyo sasa ina umri wa mtu mzima mwenye watoto. Ikifa, kila ulichohifadhi kinafutika. Fundi mwenye kulehemu huibadilisha kwa muda mfupi, lakini akiitoa kilichokuwemo kinapotea. Lakini Pokémon Ruby, Sapphire na Emerald zikikuambia betri ya ndani imekwisha, usishtuke wala usimwache muuzaji akupandishie wasiwasi: hapo kinachokufa ni saa ya ndani ya gemu, kuhifadhi kunaendelea. Mimi hutumia ujumbe huo kushushia bei, na dhamiri hainisuti.

Gemu ikigoma kusoma, usiipulize. Mvuke wa mdomoni ndio unaoleta kutu. Pamba ya masikio yenye spiriti, futa meno, ngoja ikauke, jaribu tena. Gemu nyingi "zilizokufa" nimezifufua hivyo, na zilinunuliwa kwa bei ya maiti.

Hatua ya 5: Vile vipya vinavyoiga vya zamani

Viko vya namna mbili, na tofauti yake ni kama usiku na mchana. Namna ya kwanza ni vile vya plastiki nyepesi vinavyotangaza gemu mia nne ndani. Ukizihesabu kwa makini utakuta ishirini zimerudiwa kwa majina mengine, sauti imepinda, na huwezi kuhifadhi. Kwa mtoto wa miaka mitano sawa. Kwako, wiki moja.

Namna ya pili ni kama Miyoo Mini Plus au mashine ndogo za Anbernic, ambazo ni kompyuta ndogo zenye programu za kuiga mashine za zamani. Jambo la kutazama si wingi wa gemu, ni kioo. Miyoo Mini Plus ina kioo cha inchi 3.5 chenye pikseli (vitone vya picha) 640 kwa 480. Kioo cha Game Boy kilikuwa 160 kwa 144, maana yake kila pikseli inakuzwa mara tatu kamili na picha inatoka safi, haina kingo zilizochafuka. Kwa kioo kisichogawanyika hivyo, herufi hutoka nyingine nene, nyingine nyembamba, na macho huchoka bila wewe kujua sababu.

Kadi inayokuja nayo itoe siku ya kwanza. Mara nyingi ni ya ovyo, na siku inapokufa inakufa na kila kitu. Nunua kadi ya jina linalojulikana, uhamishie mfumo humo. Na hizo gemu maelfu zilizojazwa kiwandani aghalabu ni nakala zisizo na ruhusa ya wenyewe. Njia ya halali ni kutumia gemu zilizotolewa bure na watengenezaji wake, na ziko nyingi nzuri, watu bado wanaitengenezea Game Boy gemu mpya hadi leo. Ukitaka yote yawe halali bila kuhangaika, kuna Evercade, iliyoanza 2020, inayouza makusanyo ya gemu za zamani kwenye katriji kwa leseni.

Hatua ya 6: Piga hesabu, kisha taja bei yako

Chukua karatasi. Mashine, chaja, betri mpya, kadi ya kuhifadhia, gemu mbili. Jumlisha vyote kabla ya kufungua mdomo. Mashine inayouzwa ghali kidogo ikiwa na chaja na gemu nne mara nyingi ni rahisi kuliko ile ya peke yake inayoonekana bei ya kutupa. Kwa PSP, Memory Stick ni sehemu ya mashine; bila hiyo utaanza upya kila ukiwasha.

Kasoro ulizozipata zitaje moja moja kwa utulivu, ukizionyesha kwa kidole. Raba ya kitufe, mkwaruzo, betri iliyochoka, hizo ni za kupunguziwa. Bawaba yenye ufa, betri iliyovuja hadi kwenye bodi, kioo chenye mistari, hizo usikubali kupunguziwa, rudisha tu na uage vizuri. Muuzaji akikukataza kuwasha kwa sababu "betri imeisha chaji", mwambie utarudi ikishachajiwa.

Ukishainunua, ichaji hadi mwisho, icheze hadi izime, na uandike saa ilizodumu. Namba hiyo itakuonyesha baadaye betri inavyozeeka. Kama utaiweka kabatini muda mrefu, iache na chaji nusu, na za AA zitoe kabisa. Halafu weka ile gemu ya kwanza kwenye orodha yako ya gemu tatu, na zile nyingine mbili usizinunue mpaka umeimaliza.